Shajara ya Emin na Kamba ya Stokes

Barabara itokayo Tabora kwenda Mpanda hupenya miombo kuelekea kusini, na baada ya kilomita 70 hivi humfikisha msafiri Sikonge. Siku hizi jina la Sikonge hutajwa pamoja na asali na tumbaku. Katika karne ya kumi na tisa nchi ya upande huu, ambayo sehemu yake iliitwa Ugunda, ilitajwa pamoja na wapagazi na pembe za ndovu. Septemba 1871 Henry Morton Stanley, akimtafuta Livingstone, alishika njia hii ya kusini kwa kuwa Mirambo alikuwa ameifunga ile iliyonyooka kwenda Ujiji. Misafara mingine nayo ilijifunza kupinda hivyo hivyo kila vita vilipozuka.

Fundo la njia zote lilikuwa Tabora. Kutoka hapo njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji na, baada ya kuvuka ziwa, hadi Manyema na mto Lualaba. Nyingine ilishika kusini-magharibi kwa kupitia Ugunda hadi Karema. Ya tatu ilielekea kaskazini kwa Usongo na Usukuma hadi Ziwa Nyanza na Buganda. Kuifikia Tabora tu kutoka pwani kulikuwa kazi kubwa: mwaka 1857 Burton na Speke walitumia siku 134, na Stanley, aliyekuwa na haraka, aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 akafika Unyanyembe tarehe 23 Juni, yaani siku 94. Habari nayo haikuwa na miguu mingine ila ile ya mpagazi. Neno lililosemwa Lualaba lilifika Tabora likiwa limepita vinywa vingi, na lilifika pwani likiwa limepita vingi zaidi.

Yafaa msomaji aushike mwendo huo wa habari, maana bila huo vifo viwili vinavyochunguzwa hapa havieleweki. Cha kwanza ni kuuawa kwa Emin Pasha katika msitu wa Kongo mwishoni mwa Oktoba 1892. Cha pili ni kunyongwa kwa Charles Stokes mahali paitwapo Lindi, katika msitu ule ule, tarehe 15 Januari 1895. Wote wawili walijulikana sana Tabora. Kifo cha kwanza kilikuwa fumbo la kweli: mtu alitoweka, na ilichukua karibu mwaka mmoja na nusu kuwapata waliomshika mikono. Katika kifo cha pili mwenye kutenda alijulikana tangu siku ya kwanza, wala hakujificha. Fumbo lake ni jingine: je, lililotendeka lilikuwa hukumu au lilikuwa mauaji?

DAKTARI MWENYE NDEGE NA VIPIMO

Emin Pasha alizaliwa mwaka 1840 huko Oppeln, Silesia, kwa jina la Eduard Schnitzer. Alisomea udaktari, akaitumikia dola ya Uturuki, kisha akaenda Sudan, ambako mwaka 1878 alifanywa gavana wa jimbo la Ikweta lililokuwa chini ya Misri. Khartoum ilipoanguka mwaka 1885 alibaki amezingirwa kusini, na Ulaya ikawa inamhesabu miongoni mwa waliopotea, hadi Stanley alipomfikia mwaka 1888. Tarehe 4 Desemba 1889 walitokea Bagamoyo pamoja. Usiku ule ule wa karamu ya kumpokea, Emin, ambaye macho yake yalikuwa dhaifu sana, alianguka kutoka ghorofani akaumia vibaya kichwani. Ikaenea tena habari kwamba amekufa. Hakufa.

Wanasayansi humkumbuka kwa sababu nyingine kabisa. Alikuwa mtu wa kupima na kuandika: halijoto, mvua, maneno ya lugha mbalimbali, vimo vya watu, na zaidi ya yote ndege. Shomoro mmoja mdogo wa rangi ya hudhurungi, anayepatikana katika nyika za Afrika Mashariki, huitwa kisayansi Passer eminibey kwa heshima yake. Unyamwezi wenyewe uliwahi kuwa na mtaalamu wa namna hiyo. Mwaka 1880 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Kakoma, katika Ugunda, na mmoja wao, Richard Böhm, aliyekufa Katanga mwaka 1884, ameacha jina lake kwa keremkerem aitwaye Merops boehmi. Watu kama hao waliandika kila jioni, wakiwa na homa au bila homa. Tabia hiyo ndiyo itakayokuwa na thamani kubwa baadaye katika kisa hiki.

Baada ya kupona Emin aliingia katika utumishi wa Wajerumani. Aliondoka Bagamoyo mwezi Aprili 1890 akiongozana na Franz Stuhlmann, mtaalamu wa wanyama, akafika Tabora mwishoni mwa Julai, na mwezi Agosti akaipandisha bendera ya Kijerumani mjini hapo. Tabora haikuwa mahali pa kuingia bila tahadhari. Miaka minne kabla yake Giesecke, wakala wa kampuni ya pembe ya H. A. Meyer ya Hamburg, aliuawa mjini humo, na ni mwaka huo huo wa 1890 Wajerumani walipomnyonga Muhammad bin Kassum kwa kosa hilo. Biashara ya pembe, deni, bendera na kisasi vilikuwa vimesukwa pamoja kiasi kwamba aliyetaka kujua sababu ya kifo kimoja ilimbidi afumue ukili wote.

Kutoka Tabora Emin alikwenda Ziwa Nyanza, akapambana na wafanya biashara ya watumwa kusini mwa ziwa, akaanzisha kituo cha Bukoba. Mwaka 1891 aliendelea kaskazini-magharibi, nje ya mipaka ambayo wakubwa wake walimtaka aishike. Magharibi ya Ziwa Albert ndui iliuvamia msafara. Desemba 1891 Emin alimwamuru Stuhlmann aondoke na watu wazima wa afya. Yeye, karibu kipofu, akabaki na wagonjwa. Stuhlmann alifika pwani mwaka 1892. Hakuna Mzungu aliyemwona Emin tena.

MASANDUKU YA KASONGO

Waswahili husema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa mchunguzi methali hiyo ni hatari. Uvumi wa kifo cha Emin ulikuwa umevuma na kukanushwa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ulipovuma tena haukuwa na uzito wowote peke yake. Tena wakati huo njia zenyewe zilikuwa zimevurugika. Mwezi Januari 1893 Tabora ilikuwa vitani: mtemi Isike wa Unyanyembe, boma lake liliposhambuliwa na Luteni Tom von Prince, aliiwasha baruti yake mwenyewe kuliko kujisalimisha. Ng'ambo ya Tanganyika vita vya Dola Huru la Kongo na Waarabu wa Manyema vilikuwa vimekwisha kuanza. Mei 1892 mfanyabiashara Hodister na wenziwe waliuawa upande wa Lualaba, na kabla mwaka haujaisha majeshi ya Dhanis yalikuwa yanasonga mbele.

Tarehe 22 Aprili 1893 mji wa Kasongo ulitekwa. Humo, katika ngawira, vilipatikana vitu vya Emin, na miongoni mwake shajara yake, ambayo maandishi yake yalikoma Oktoba 1892. Hapo kwa mara ya kwanza uvumi ulipata kitu cha kushikika.

Je, shajara hiyo ilithibitisha nini? Swali hili lafaa kutuama kidogo, maana hapa ndipo wanafunzi wengi, na waandishi wengi pia, huruka mbio. Shajara ilionyesha njia aliyoipita Emin na watu aliokuwa nao. Ilionyesha pia mwisho wa kuandika, na kwa mtu ambaye hakupitisha siku bila kuandika, mwisho wa kuandika ni dalili nzito ya mwisho wa uhai. Lakini haikumtaja muuaji, kwa sababu aliyeuawa hawezi kuandika habari za kisu kilichomwua. Na kuonekana kwake Kasongo hakukuthibitisha kwamba amri ya kuua ilitoka Kasongo. Vitu vilivyonyang'anywa vilitembea kama bidhaa nyingine: vilitolewa zawadi, viliuzwa, viligawanywa. Mlolongo wa mikono kutoka kwa aliyeuawa hadi sanduku lilipofunguliwa ulikuwa mrefu, na kila mkono ulihitaji maelezo yake.

Maelezo hayo yalipatikana mwaka 1894. Wakala wa biashara wa Marekani katika Kongo, Richard Dorsey Mohun, aliyefuatana na majeshi ya Dola Huru, alipata kujua kwamba watu wawili waliohusika walikuwa karibu. Majina yao yalikuwa Ismaili na Mamba. Walikamatwa, wakahojiwa, wakakiri, wakanyongwa. Mohun aliyachapisha maelezo yao mwaka 1895 katika jarida la Kimarekani liitwalo Century.

Kwa mujibu wa maelezo hayo, Emin alifika katika kijiji cha Kinena akitarajia ruhusa ya kupita kwenda kwa Kibonge, mkuu wa Kirundu juu ya Lualaba, ambaye jina lake jingine lilikuwa Hamadi bin Ali. Barua ya kwanza ilimpa usalama. Nyingine, ambayo hakuonyeshwa kwanza, ilimwamuru Kinena amwue. Asubuhi ya siku hiyo askari wake walishawishiwa waende mashambani wakachukue ndizi, mihogo na karanga kwa ajili ya safari, wakaziacha silaha zao. Emin alikuwa barazani, ameketi mezani, akiandika, na mkusanyo wake wa ndege na mimea umemzunguka. Wakamshika mikono kitini. Alipouliza sababu akaambiwa kwamba Kibonge ameamuru. Alichinjwa, kichwa kikakatwa na kupelekwa kwa Kibonge ndani ya sanduku. Tarehe itajwayo zaidi ni 23 Oktoba 1892. Vitabu vingine huandika 28.

Maungamo ya namna hii yapimwe kwa mizani gani? Upande mmoja, watu hawa walikiri tendo lililowapeleka kwenye kamba. Ni nadra mtu kubuni la kumwua mwenyewe. Tena mambo waliyoyasema juu ya njia na watu yalikubaliana na shajara, ambayo wao wenyewe hawakuweza kuisoma wala kuibadili. Mashahidi wawili wasioweza kushauriana, mmoja akiwa ni karatasi na mwingine akiwa ni mtu, wakikutana mahali pamoja, neno lao lina nguvu kuliko la mashahidi kumi waliolala nyumba moja. Huo ndio msingi wa kuamini kwamba Emin alikufa kijijini kwa Kinena na kwamba mikono iliyomshika ilikuwa ya hao wawili.

Upande wa pili, mfungwa huongea mbele ya mtu mwenye uwezo juu ya shingo yake. Aliyewahoji Ismaili na Mamba alikuwa upande wa jeshi lililokuwa vitani na Kibonge. Sehemu ya maelezo inayomtaja Kibonge ndiyo sehemu iliyompendeza msikilizaji, na ndiyo hiyo hiyo iliyowapunguzia wasemaji mzigo, maana mtumwa wa amri huonekana mdogo kuliko mwenye amri. Hapo shajara haisaidii. Amri ya Kibonge inajulikana kwa wasomaji wa dunia kwa njia ya wale walioitekeleza, na barua iliyosimuliwa si sawa na barua iliyosomwa. Haya hayasemi kwamba Kibonge hakuamuru. Yaelekea sana kwamba aliamuru: Emin alikuja kutoka upande wa Wajerumani, habari za mapigano yake kusini mwa Nyanza zilikuwa zimekwisha kutembea njia zote, na mwaka ule kila mgeni mwenye bendera alihesabiwa adui. Lakini "yaelekea sana" na "imethibitika" ni daraja mbili, na kati yake kuna ngazi ambayo mtu hana ruhusa ya kuiruka.

Ngazi hiyo iliweza kupandwa kwa njia moja tu, yaani kumhoji Kibonge mwenyewe kwa utaratibu na kuyalinganisha maneno yake na ya wale wawili. Wale wawili walikuwa wamekwisha kunyongwa. Kibonge naye aliposhikwa na Kamanda Hubert Lothaire aliuawa, majuma machache tu kabla ya mambo yatakayosimuliwa sasa. Mahakama za vita hazikuwa na subira. Septemba 1893 huko Ngandu maofisa wa Dola Huru walikuwa wamempiga risasi hata Gongo Lutete, mshirika wao aliyewasaidia kuiteka Kasongo, kwa tuhuma ya uhaini ambayo baadaye wenzao wenyewe waliiona haina msingi.

MTU WA USONGO

Charles Henry Stokes alizaliwa Dublin mwaka 1852. Alikuja Afrika Mashariki mwaka 1878 akiwa katika utumishi wa misioni ya CMS, na kazi yake ilikuwa kuongoza misafara ya misioni kutoka pwani hadi Buganda. Aliijua kazi hiyo kuliko Mzungu ye yote wa wakati wake. Baada ya kufiwa na mke wake wa kwanza alimwoa Limi, wa jamaa ya mtemi Mtinginya wa Usongo, kaskazini mwa Tabora, akafanya makao yake huko. Wamisioni hawakupendezwa; wapagazi wa Kinyamwezi, ambao walipenda kumjua mtu kwa wakweze, hawakuona ajabu. Alipoachana na misioni alifanya biashara kwa nafsi yake: pembe kuteremka, nguo na bunduki kupanda. Bunduki zake zilimsaidia Mwanga kurudi katika kiti chake Buganda. Mwaka 1890 Stokes naye aliwatumikia Wajerumani, akasaidia katika mazungumzo na Waarabu wa Tabora. Kwa hiyo yeye na Emin walikuwa na mwajiri mmoja kwa muda, ingawa hawakuelewana.

Ni lazima kusema wazi kwamba Stokes hakuwa malaika wa njia. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulipiga marufuku kuingiza silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, baina ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya ikweta, na maofisa wa Kongo walikuwa na sababu ya kumtilia shaka mfanyabiashara aliyeingia msituni na msafara mkubwa wakati wa vita. Baada ya Kibonge kushindwa zilipatikana barua ambazo Stokes alimwandikia. Kwa maoni ya Lothaire barua hizo zilitosha. Fikira yake ilikwenda hivi: Kibonge ni adui na ni muuaji wa Emin, Stokes amemwandikia Kibonge habari za baruti na silaha, basi Stokes ni mwenzi wa muuaji.

Desemba 1894 Josué Henry alimkamata Stokes hemani kwake. Alipelekwa Lindi. Usiku wa tarehe 14 Januari 1895 Lothaire aliketi kuwa hakimu, akamtia hatiani kwa kuwauzia Waarabu bunduki, baruti na fataki. Mshtakiwa hakuwa na mtetezi. Sheria ambayo kwayo alihukumiwa haikuwekwa mbele yake. Kwa kuwa hakuwa askari alikuwa na haki ya kukata rufani Boma, mji mkuu wa Dola Huru karibu na bahari. Hakuachiwa nafasi ya kufanya hivyo. Siku iliyofuata alinyongwa mtini.

Fikira ya Lothaire yafaa ikaguliwe pingili kwa pingili. Pingili ya kwanza, ya kwamba Kibonge aliamuru kifo cha Emin, ilitegemea yale maungamo yaliyokwisha kupimwa hapo juu: nzito, lakini haikukamilika. Pingili ya pili, barua, ilikuwa karatasi halisi. Tatizo lake ni maana. Barua ya mfanyabiashara kwa mkuu mwenye njia si ajabu. Kila mwenye msafara aliyetaka kupita aliandika barua za namna hiyo, akaahidi zawadi, na ahadi ya bidhaa si sawa na bidhaa iliyofikishwa. Je, barua iliandikwa kabla ya Emin kuuawa au baada yake? Je, mwandishi alijua ya kijijini kwa Kinena? Kwa mwendo wa habari wa siku zile, ambao umeelezwa mwanzoni, mtu aliyekuwa Usongo au njiani aliweza kukaa miezi mingi bila kujua kwamba rafiki wa jana amekuwa adui wa serikali fulani. Haya yote ni maswali ambayo mshtakiwa angeweza kuyajibu, au kushindwa kuyajibu, mbele ya mahakama yenye karani na mkalimani.

Kuna jambo la tatu ambalo wanafunzi wa sayansi watalitambua mara moja, maana ni sawa na mpimaji anayelipwa kwa kadiri ya jibu. Msafara wa Stokes ulikuwa na pembe. Katika Dola Huru maofisa walipata bahashishi kwa pembe zilizokusanywa, na pembe za Stokes zilichukuliwa. Si lazima kudai kwamba Lothaire aliua kwa ajili ya pembe. Hakuna haja ya kumsomea mtu moyo wake. Yatosha kuona kwamba mtu yule yule alikuwa mkuu wa vita, mshitaki, hakimu, na mkuu wa jeshi lililonufaika na mali ya aliyehukumiwa.

KUTOKA LINDI HADI BRUSSELS

Habari ilitembea polepole kama kawaida yake. Stokes alikufa Januari. Ni mwezi Agosti 1895 tu ndipo magazeti ya Uingereza yalipolipuka, kwa sehemu kubwa kwa kazi ya mwandishi Lionel Decle. Wabelgiji na Wajerumani walikuwa wamenyonga wengi bila Ulaya kutikisika, na Waafrika waliohukumiwa usiku kama Stokes walikuwa hawahesabiki. Lakini huyu alikuwa raia wa Uingereza, na msafara wake ulitoka katika nchi iliyotawaliwa na Ujerumani. Serikali mbili zikauliza.

Dola Huru lililipa faranga 150,000 kwa Uingereza na faranga 100,000 kwa Ujerumani. Lothaire alishtakiwa. Kesi ya kwanza ilisikilizwa Boma mwezi Aprili 1896, katika mji ule ule ambao Stokes alinyimwa nafasi ya kuufikia, na Lothaire akaachiliwa. Rufani ilisikilizwa Brussels mwezi Agosti mwaka huo huo. Akaachiliwa tena.

Wengi walishangaa, na wengine hushangaa hadi leo. Lakini tazama ni mashahidi gani waliobaki. Kama barua zilikuwa za hatia, aliyeweza kueleza alimaanisha nini alikuwa amenyongwa Lindi. Aliyezipokea, Kibonge, alikuwa amekwisha kuuawa kabla yake. Waliodai kuiona amri ya Kibonge juu ya Emin, yaani Ismaili na Mamba, walikuwa kaburini tangu mwaka wa kwanza wa uchunguzi. Walibaki maofisa wenyewe. Kila kamba iliyokazwa ilikuwa imeondoa na ushahidi wake, na mahakama ya Brussels iliombwa ipime jambo ambalo upande mmoja wa mizani ulikuwa mtupu. Katika maabara, mwanafunzi anayemwaga sampuli kabla ya kuipima mara ya pili hupewa alama ya sifuri, hata kama jibu lake la kwanza lilikuwa sahihi.

Kwa mwalimu wa historia au wa sayansi, kisa hiki chaweza kufanywa zoezi la darasa: gawanya ubao sehemu mbili, upande mmoja uandikwe yaliyo katika karatasi zilizoandikwa kabla ya kifo, upande wa pili yaliyosemwa baada ya kifo na watu wenye haja zao. Katika habari za Emin, pande zote mbili zitakuwa na maandishi. Katika habari za Stokes, wanafunzi wataona jinsi upande wa kwanza ulivyo na barua tu, na wa pili jinsi ulivyo na sauti moja.

Shajara ya Emin ilinusurika. Stuhlmann, yule aliyeamriwa aondoke na wazima, ndiye aliyesimamia uchapishaji wake, na mabuku yalianza kutoka mwaka 1916. Ndani yake zimo mvua, vimo, maneno na ndege wa nchi ambazo misafara ilipita.

Lothaire naye alirudi Kongo. Safari hii hakuwa na jeshi bali kampuni: aliongoza shughuli za kampuni ya mpira ya Anversoise katika bonde la Mongala, na mwaka 1900 habari za mauaji ya wanavijiji katika eneo hilo zilifika katika magazeti ya Ubelgiji.